Kuku Aliyevua Zambarau

Kadzo alikuwa na desturi ya kupaka kuku wake rangi.

Haikuwa rangi ya ukutani. Ilikuwa rangi ya ukili, ile ya unga inayouzwa kwa vipakiti, ambayo wasuka mikeka huchemshia ukili wao. Kadzo alisuka mikeka hapo uwani kwao, Mishomoroni. Rangi ikibaki sufuriani, hakuimwaga. Alisubiri ipoe, akawaita kuku wake, akawashika mmoja mmoja. Aliwapaka shingoni, mgongoni na kwenye mabawa mpaka ncha. Rangi yake ilikuwa zambarau.

Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kunguru. Kunguru wa Mombasa hawana haya. Hushuka mchana kweupe wakabeba kifaranga mama yake akiona. Kadzo aliamini kwamba kunguru wanaogopa zambarau.

Ya pili ilikuwa ujirani. Ploti yao ilikuwa na vyumba sita na ua mmoja. Kuku wa Kadzo na kuku wa jirani yake Philister walilala banda moja. Walichakura taka moja. Wengi wao walikuwa ndugu, wote rangi ya kahawia. Bila alama, nani angejua yupi ni wa nani?

"Wa zambarau ni wangu," Kadzo alisema siku ya kwanza. "Wasio na rangi ni wako."

"Sawa," Philister alijibu. "Wangu ni watu wa bara. Hawajui kujipamba."

Philister alikuwa Mluhya wa Kakamega. Mumewe, Dancun, alifanya kazi kiwandani Changamwe. Mume wa Kadzo, Munga, alibeba mizigo bandarini. Wanaume waliondoka alfajiri wakarudi jioni. Kutwa nzima ua ulikuwa wa wanawake hawa wawili. Waliazimana chumvi, waliazimana jiko, na Kadzo alipougua malaria, Philister ndiye aliyemfulia nguo.

Kuku mmoja wa Kadzo aliitwa Bi Harusi. Rangi ilimkaa vizuri kuliko wenzake wote. Kadzo alipewa kuku huyo na mama yake huko Kaloleni, akiwa bado kifaranga, akaja naye Mishomoroni ndani ya kikapu. Sasa Bi Harusi alikuwa na miaka miwili. Alitaga vizuri na alijua kulea. Kadzo hakuwahi kufikiria kumchinja.

Siku moja simu ililia. Nyamvula, mdogo wake Kadzo, alikuwa amejifungua huko Kaloleni. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, na lazima awe na mtu. Wa kumkanda maji ya moto, wa kumpikia uji wa pilipili manga, wa kumshikia mtoto apate kulala. Mtu huyo alikuwa Kadzo.

"Nakuachia kuku wangu," alimwambia Philister huku akifunga mzigo. "Wako sita. Bi Harusi ametoka kulea juzijuzi, amechoka. Niangalizie sana huyo."

"Nenda kalee mwana," Philister alisema. "Kuku utawakuta."

Kadzo alikaa Kaloleni siku arobaini na tatu. Kila akipiga simu aliuliza, "Kuku wangu je?" Philister alijibu, "Wazima kabisa."

Alirudi Jumatatu mchana. Alikuja na nazi na mihogo, akagawa nusu kwa Philister. Walikumbatiana. Walizungumza habari za mtoto mpaka chai ikapoa. Kisha Kadzo akatazama kuku.

Alihesabu zambarau. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Bi Harusi yuko wapi?"

"Si huyo hapo karibu na mtungi," Philister alisema.

Karibu na mtungi alisimama kuku wa kahawia. Manyoya yake yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Hakuwa na zambarau hata chembe.

"Huyo si Bi Harusi."

"Ndiye. Alinyonyoka manyoya yote, dada. Alibaki uchi kama mkono wangu huu. Halafu yakaota mengine."

Kadzo alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Philister hakucheka.

"Mbona kwenye simu uliniambia wazima?"

"Ulikuwa na mzazi. Ningekuambia kuku wako yuko uchi, ungelala?"

"Na mayai yake?"

"Hajataga hata moja tangu uondoke."

Kadzo alimenya mihogo ya jioni. Alichukua maganda ya mihogo akaenda kuyatupa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko. Huko shimoni aliona manyoya ya zambarau. Hayakuwa mawili wala matatu. Yalikuwa mengi, ya shingoni, ya mgongoni, ya mkiani.

Jioni Munga alirudi kutoka bandarini. Kadzo alimuuliza, "Wewe umeishi hapa siku zote hizi. Hukumwona Bi Harusi akinyonyoka?"

"Mimi kuku namtambua akiwa kwenye sahani," Munga alisema. "Natoka giza, narudi giza."

"Philister alipika kuku nilipokuwa sipo?"

Munga alifikiri. "Walikuwa na mgeni, ndugu yake Dancun. Siku hiyo walichinja. Harufu ilifika mpaka humu ndani, nikala ugali wangu kwa harufu hiyo."

Basi Kadzo akajumlisha. Manyoya shimoni, kuku chunguni, na kuku mgeni asiyetaga kasimama karibu na mtungi. Kwake yeye hesabu ilikuwa imefungwa.

Asubuhi ya Jumanne wanawake wa ploti walikuwa uwani wakifua. Kadzo akasema, si kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia: "Kosa ni langu. Nilimwachia Mluhya kuku."

Mzaha huo haukuwa mgeni pale uwani. Philister mwenyewe ndiye aliyeuleta. Mara ngapi alisema kwamba kwao mgeni asipopewa kuku, huyo hakukaribishwa. Walikuwa wakicheka mpaka machozi. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Philister alikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi. Akabeba beseni na nguo ambazo hazijasuuzwa, akaingia chumbani.

Kuta za ile nyumba hazikufika juu. Ukiwa chumbani kwako unasikia kijiko cha jirani kikigonga sahani. Jioni ile, wakati wa kula, Kadzo alisikia Philister akimuuliza mumewe, "Kile chumba cha Changamwe bado kipo?"

"Kipo," Dancun alijibu. "Mwenyewe anataka jibu Ijumaa."

"Mwambie tunakuja."

Kadzo aliacha kutafuna. Munga alimtazama.

"Umesikia?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia."

"Kuku ni kuku, Kadzo. Jirani wa kukufulia ukiwa mgonjwa utampata wapi?"

"Ningemsamehe angesema kweli," Kadzo alisema. "Lakini ananionyesha kuku wake, aniambie ndiye wangu."

Jumatano hawakusalimiana.

Alhamisi saa nne asubuhi mtu alibisha hodi. Alikuwa Bi Sabah, afisa wa mifugo. Kila baada ya miezi mitatu alipita na kisanduku chake cha barafu, akachanja kuku wa mtaa dhidi ya kideri, ugonjwa unaoua kuku mtaa mzima. Kuku walikuwa wamefungiwa bandani tangu asubuhi, wakimsubiri.

"Hamjambo wenyewe? Leo mbona kimya, kuna msiba?"

"Hakuna," Kadzo alijibu.

"Alhamdulillahi. Leteni basi."

Philister alileta wake wanne. Bi Sabah aliwatia tone moja moja la dawa jichoni. Kadzo alileta wake watano wa zambarau. Nao walitiwa. Bandani akabaki mmoja.

"Na huyu wa nani?" Bi Sabah aliuliza.

"Si wangu," Kadzo alisema.

"Si wangu," Philister alisema.

Bi Sabah aliwatazama wote wawili. "Basi ni wa serikali? Nimpakie kwenye pikipiki niende naye ofisini?"

Ndipo Kadzo alipoeleza. Alieleza yote, mpaka manyoya ya shimoni. Philister alisimama mlangoni kwake mikono kifuani. Bi Sabah hakumkatiza Kadzo. Alipomaliza, akamgeukia Philister.

"Mamangu, hebu nieleze wewe. Alianza kunyonyoka wapi?"

Philister alijibu bila kusogea. "Kichwani. Halafu shingoni. Halafu kifuani na mgongoni. Mkia ukaanguka wote, akawa kama mpira."

"Alikuwa anakula?"

"Kama mfungwa aliyetoka jela."

"Macho? Kinyesi?"

"Macho yake makali tu. Kinyesi ni cha kawaida, hakikuwa kijani. Shingo haikupinda. Nilijua si kideri, kideri nakijua kutoka nyumbani."

"Na ngozi ulitazama?"

"Nilitazama chawa, nikatazama utitiri. Hakuna. Hakuwa na kidonda. Ngozi safi, ila zilitokeza ncha kama sindano, nyingi. Kisha kila sindano ikafunguka juu, likatoka nyoya jipya."

"Ulimpaka chochote?"

"Dancun alisema nimpake oili chafu ya gari. Nilimwambia akapake kichwa chake kwanza, tuone."

Bi Sabah alicheka. "Ulifanya vizuri sana. Zile sindano zina damu ndani. Ukipaka oili au mafuta ya taa unamuunguza. Hata kumshikashika siku hizo ni kumuumiza. Ulimlisha nini?"

"Pumba, na dagaa. Nikipika dagaa, vichwa vyote vilikuwa vyake. Niliogopa, Bi Sabah. Niliogopa atakufa mikononi mwangu."

Kadzo alisikia hilo neno la mwisho. Lakini bado hakuinua macho.

Bi Sabah alichuchumaa, akamtoa kuku bandani. "Sasa sikilizeni. Kuku akipita mwaka mmoja hubadilisha manyoya. Yale ya zamani yamechakaa, hayawezi kushonwa. Basi mwili unayatupa na kuotesha mapya. Hurudia hivyo mara moja kwa mwaka, au karibu na hapo. Wengi huanza wakishatoka kulea. Huo si ugonjwa."

"Mbona hawa wengine hawajanyonyoka?" Kadzo aliuliza.

"Wana umri gani?"

"Wamezaliwa mwaka huu."

"Basi zamu yao bado."

"Na mayai?"

"Nyoya limejengwa kwa protini. Yai nalo linataka protini. Chakula chenyewe ni kile kile kidogo. Mwili unachagua kuvaa kwanza, mayai baadaye. Kuku akikaa miezi miwili au mitatu bila kutaga akiwa ananyonyoka, usimchinje kwa hasira. Mpe dagaa, mpe kunde zilizochemshwa, mpe mboga. Machicha ya nazi peke yake hayatoshi."

Machicha ndiyo chakula ambacho Kadzo aliwapa kuku wake siku zote.

"Hayo ni maneno," Kadzo alisema. "Ninayakubali. Lakini manyoya ya shimoni yanaweza kuwa ya kuku aliyechinjwa vile vile."

"Yalete," Bi Sabah alisema.

Kadzo alienda shimoni akarudi na konzi ya manyoya. Bi Sabah aliokota moja, akamwonyesha mwisho wa kijiti chake.

"Wewe umenyonyoa kuku wengi. Ukimtia maji moto, manyoya yanakuwaje?"

"Yanagandana. Yanatoka mafungu mafungu, na ngozi mara nyingine."

"Haya je?"

Kadzo aliyatazama. Kila nyoya lilikuwa peke yake. Lilikuwa kavu, na mwisho wa kijiti ulikuwa mweupe, umejifunga, hauna damu wala ngozi.

"Yameanguka yenyewe," alisema polepole.

"Bado sijamaliza. Njoo hapa. Na wewe mamangu, toka huko mlangoni, njoo."

Philister alikuja. Bi Sabah alimlaza kuku mapajani, akashika bawa moja, akalikunjua taratibu kama mtu anayefungua pepeo la kukunja.

"Bawa la kuku lina manyoya makubwa ya kurukia, hapa upande wa ncha. Akikunja bawa yanajificha chini, huyaoni. Haya hayaanguki yote pamoja. Huanza hili la ndani, karibu na katikati ya bawa. Kisha la pili yake, kisha la tatu, kwenda nje. La mwisho kabisa ni la nchani. Hesabu, Kadzo. Mapya yanang'aa, ya zamani yamepauka."

Kadzo alihesabu kwa kidole. Mapya manane. Yale ya karibuni yalikuwa bado mafupi, yamepangana kama ngazi. Kisha kidole chake kikafika nchani, kikasimama.

Yalibaki manyoya mawili ya zamani. Yalikuwa yamepauka na kuchanika pembeni. Na yote mawili yalikuwa ya zambarau.

Kuku alijaribu kudonoa kifungo cha Bi Sabah.

"Ni rangi yangu," Kadzo alisema. "Hiyo ni mikono yangu. Niliipaka mpaka ncha." Alimgusa kuku kichwani. "Bi Harusi."

Alisimama. Wale wanawake waliokuwa wakifua Jumanne walikuwa wamesogea karibu. Kadzo alitazama kama wote wapo.

"Philister, nilikutukana mbele ya watu hawa. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa hawa. Uliniangalizia kuku kuliko ambavyo ningemwangalia mimi, nami nikakuita mwizi."

"Mwizi hukusema," Philister alisema. "Ulisema Mluhya."

"Nililigeuza tusi. Sitalisema tena."

"Hilo neno ni la kwangu," Philister alisema. "Nikilisema mimi mtacheka. Ukilisema wewe, subiri kwanza nikupe ruhusa." Kisha akapangusa uso kwa kanga. "Yule wa mgeni alikuwa kuku wangu mwenyewe. Lakini na mimi nilikosa. Ningekuambia kwenye simu siku ile ile, tusingefika hapa. Niliona aibu. Nilidhani nimemwua."

"Kesho ni Ijumaa," Kadzo alisema.

"Umejuaje habari ya Ijumaa?"

"Kuta hazifiki juu."

"Kwa hivyo unamsikia na Dancun akikoroma."

"Kila siku ya Mungu."

Mmoja wa wale wanawake alianza kucheka, na wengine wakafuata. Philister aliingia chumbani akatoka na simu. Alimpigia mumewe pale pale, kila mtu akisikia. "Baba, yule mwenye chumba mwambie atafute mtu mwingine. Ndiyo. Nitakueleza ukija. Hapana, si kuku. Ni kuku, lakini si hivyo."

Bi Sabah alimaliza kufunga kisanduku chake. Kabla ya kuondoka alimwambia Kadzo, "Rangi ya nyoya huenda na nyoya. Ukitaka alama ya kudumu, weka mguuni. Kata kipande cha plastiki laini, kifanye pete. Iwe huru kidogo, kijiti cha kiberiti kipite kati ya pete na mguu. Kuku anayekua umkague kila wiki, mguu usije ukabanwa."

"Na kunguru?"

"Kunguru hana habari na zambarau yako. Vifaranga wafunike na tenga wiki za mwanzo. Hiyo ndiyo dawa."

Jioni ile ile Kadzo alikata pete kutoka kwenye chupa za plastiki, akalainisha kingo zake ili zisikate. Za Kadzo nyekundu, za Philister kijani. Munga aliporudi aliwashikia kuku, akalalamika kwamba bandarini mizigo haidonoi.

Kutoka siku hiyo walimtazama Bi Harusi pamoja. Kila asubuhi Philister alileta vichwa vya dagaa, na mara moja tu kwa wiki Kadzo alifungua bawa kwa upole, asimuumize. Nyoya lililoanguka Kadzo alilichomeka kwenye kipande cha ukili alichokisuka na kukitundika ukutani. La wiki hii hapa, la wiki ijayo pembeni yake. Watu wa ploti wakawa wanapita kukitazama. Mwezi uliofuata kuku mkubwa wa Philister alianza kupukutika shingoni. Mama mmoja wa chumba cha mbele alisema achinjwe upesi kabla hajafa. Philister alimshika mkono, akampeleka kwenye ukili, akamweleza yote kutoka kichwani mpaka nchani mwa bawa.

Wiki ya nne baada ya Bi Sabah kuja, asubuhi moja Bi Harusi alipiga kelele bandani. Kadzo alikuta yai. Lilikuwa bado na joto. Alilipeleka mlangoni kwa Philister.

"La kwanza ni lako."

"Nilikaange?"

"Ufanye utakavyo."

Philister alilikaanga na nyanya, wakalila wawili kwa chapati moja.

Nyoya la mwisho la zambarau lilianguka siku ya Jumapili. Sasa Bi Harusi alikuwa wa kahawia mwili mzima, na pete nyekundu mguuni. Siku hizo hizo Nyamvula alipiga simu. Mtoto alikuwa na homa ya chanjo, naye alitaka dada yake aje walau wiki moja. Kadzo alifunga mzigo tena.

Philister alimsindikiza hadi barabarani.

"Kuku wangu sita," Kadzo alisema.

"Sita nimewaona. Ila mwezi huu ndugu yake Dancun anakuja tena." Philister alitabasamu. "Na wewe unatujua sisi Waluhya. Ukirudi ukaona manyoya shimoni?"

Kadzo alipandisha mzigo begani.

"Nitafungua bawa," alisema, "kabla ya kufungua mdomo."